Pindo la Mkono wa Kushoto

Jumapili, katikati ya Julai, 2009. Baridi tangu alfajiri, na manyunyu yale ya Kangemi yasiyojaza ndoo wala kumruhusu mtu kuanika nguo. Jua hatujaliona tangu juzi.

Rispa, binti yangu, ameniambia nikae mezani niandike. Anasema ninyi vijana anaowafundisha kazi ya mapazia mnaniuliza mambo kila nikija karakana kuwasalimu, na nikianza kujibu anaingia mteja, hadithi inakatikia hapo. "Andika, Baba. Watasoma wakati wa chai." Mimi niliishia darasa la saba. Huwa naandika mistari michache kila siku, nani alikuja na nani mgonjwa, basi. Kitu kirefu namna hii sijawahi. Mkiona mahali nimepotea, vumilieni, nitarudi njiani.

Mlitaka niwaeleze kazi. Kazi yangu ilikuwa kupima madirisha na kutundika mapazia, kuanzia maofisi ya mjini hadi nyumba za Muthangari, Loresho na Spring Valley. Lakini siwezi kuieleza bila mke wangu, Nafula, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Mimi nilikuwa mtu wa tepu na ngazi. Yeye ndiye aliyejua dirisha linataka nini. Alitutoka mwaka juzi, mvua za Oktoba zikianza. Kabla ya hapo ugonjwa wa sukari ulimchukua macho, akawa anaharibu kazi bila kujua, na sisi watu wa nyumba yake tukajua na tukanyamaza. Kama tulifanya vema au vibaya, nimelipima jambo hilo kwa kila tepu niliyo nayo na vipimo havilingani. Ndilo ninalotaka kuwaachia. Ila nitazunguka kidogo kwanza, maana mtu hawezi kuhuzunikia mtu asiyemjua.

Nianze na tepu basi.

Nyumba za Nairobi hazijanyooka, hata zile za matajiri. Ukipewa dirisha, lipime juu, katikati na chini. Kisha pima kutoka kwenye rodi hadi sakafuni, kulia na kushoto, maana sakafu nazo zina maringo yake. Usishone pindo la chini mpaka pazia limetundikwa siku kadhaa. Kitambaa kizito hujivuta kama mtu aliyelala ndani ya basi. Na kabla ya hayo yote, itazame tepu yenyewe. Tepu ya kitambaa ikizeeka huvutika, na ikivutika inchi zake zinakuwa ndefu kuliko inchi za watu wengine.

Mimi sikuitazama. Nilipima nyumba nzima ya Muthangari kwa tepu iliyozeeka mfukoni mwangu. Nafula akakata mezani kwa tepu mpya. Siku ya kutundika nikapanda ngazi, nikapachika pazia la kwanza, nikashuka kutazama. Lilikuwa linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo. La pili vilevile. Wakati huo karakana yetu ilikuwa bado mjini, chumba cha juu karibu na River Road, mnapanda ngazi zenye harufu ya sabuni na mandazi. Nilirudi huko nikiwa nimeyabeba begani, sijui nitasema nini.

Nafula aliyatazama, akaniomba tepu yangu, akailaza kando ya yake. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Rispa," akasema akijifuta macho, "usiseme yamekuwa mafupi. Sema hayajaisha."

Alikuwa na mabaki ya kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, yamekaa kwenye gunia tangu kazi fulani ya hoteli. Akayakata vipande vipana, akayaunga chini ya yale mapazia ya rangi ya maziwa, na juu karibu na marinda akaweka mstari mwembamba wa rangi ileile ili jicho lisidhani ni kiraka. Yakawa mazuri kuliko tulivyokusudia. Sitaki kumpamba zaidi ya ilivyokuwa, kwa hivyo niseme na hili: mwenye nyumba aliuliza kama ndivyo tulivyokubaliana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo, ni mtindo mpya. Nafula akanitangulia. "Hapana, mama. Tulikosea kipimo. Kama huupendi huu mkanda, tutanunua kitambaa kingine kwa pesa yetu." Yule mama akaukubali. Miezi iliyofuata jirani zake wawili walitaka mapazia yenye mkanda.

Huyo ndiye aliyekuwa Nafula. Alikuwa na ujanja wote duniani wa kuficha mshono, na hakuwa na ujanja wowote wa kuficha neno.

Alitumia mkono wa kushoto. Shuleni kwao huko magharibi walimchapa kwa ajili hiyo, shangazi zake nao wakamwambia hataolewa, nani atapokea chakula kwa mkono ule. Yeye alisema, "Wa kulia nimepewa wa kusalimia watu. Wa kushoto ndio wa kazi." Mtu wa mkono wa kulia akishona pindo kwa sindano huanzia kulia na kumalizia kushoto. Yeye alianzia kushoto, na fundo lake la kumalizia lilikaa pembe ya kulia, dogo na gumu kama mbegu ya nyanya. Mkipata pazia la zamani katika nyumba za huko Loresho na mkaona fundo pembe ya kulia, mjue mmekutana naye.

Hakutupa hata kipande. Rispa alipoingia darasa la kwanza, mkoba wake ulikuwa wa mahameli ya bluu iliyobaki kwenye ukumbi fulani, na mfuko wa penseli wenye vishada vya pelmeti, ule utepe mpana unaofunika rodi juu ya dirisha. Watoto walimcheka siku ya kwanza, siku ya pili wakaomba waushike. Krismasi moja Nafula akawavisha watoto wa Sunday school kwa ajili ya igizo. Kulikuwa na mfalme kutoka mashariki amevaa sebule ya Spring Valley, na mwingine amevaa chumba cha kulala cha daktari. Malaika walikuwa vitambaa vyepesi vya ndani, vile vya kuzuia watu wasichungulie. Mama Shiku, jirani yetu aliyekuwa akishona nasi, alisimama nyuma ya kanisa na kunong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni: "Wuui, Herode amevaa pelmeti yangu!" Pasta mwenyewe alishindwa kuendelea.

Nawaambia haya mjue alikuwa mama wa namna gani. Homa ya mtoto aliikesha, ada aliitafuta, kama mama wengine wengi. Lakini yeye aliongeza kitu juu. Kwake mtoto hakuwa na haki ya kula na kuvaa tu. Alikuwa na haki ya kitu kizuri.

Na rangi. Hapo ndipo sijui nitaandikaje. Aliingia sebuleni mwa mtu, akauliza jua linaingia saa ngapi, akasimama kidogo, akasema, "Hapa tukiweka manjano, jioni mtakuwa mnagombana." Watu walicheka, halafu wakamsikiliza. Alibeba rangi kichwani. Angeona sofa ya mtu Jumatatu, Alhamisi akaenda Biashara Street bila sampuli mkononi, akapita jora baada ya jora, na kusema, "Hii." Tukirudi tukaiweka kando ya sofa, ni ileile. Sikuwahi kumwona akikosea.

Ndiyo maana siku alipokosea, hakuna aliyetaka kuamini.

Sukari ilikuwa imempata miaka kadhaa. Tulihamisha karakana kutoka mjini tukaileta hapa Kangemi ili asipande zile ngazi. Vidole vyake vilianza kufa ganzi, akawa akipima mambo kwa mdomo: alipitisha kitambaa kwenye mdomo wa chini, polepole, akijua manyoya ya mahameli yanalalia upande gani. Uzi aliomba atungiwe. Hayo hayakutushtua, nani asiyetungiwa uzi akifika umri ule. Kaka yake Rispa, Barasa, alimpeleka kliniki kila Jumatano, na Nafula akirudi alisema, "Wameniangalia macho, wameniambia ninywe dawa," basi, anakaa kwenye cherehani.

Asubuhi moja Nafula akiwa kliniki, Mama Shiku aliniita mlangoni penye mwanga.

"Baba Rispa, kuja uone hii kitu."

Alikuwa ameshika vipande viwili vya mapazia ya mteja wa Spring Valley. Nikatazama, nikasema ni vizuri.

"Angalia vizuri. Hizi kijani mbili si za baba mmoja."

Kweli. Kimoja kilikuwa kijani cha majani ya chai, kingine kijani cha chupa. Yalikuwa majora mawili yamekaa kwenye rafu moja, na Nafula alikuwa amekata nusu huku na nusu kule. Marinda yamepangika, pindo limetulia, fundo liko pembe yake. Kila kitu sawa isipokuwa kile ambacho yeye hakuwahi kukikosa.

Rispa alikuja akatazama. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko karakana "kwa muda tu", kama alivyopenda kusema.  Alichukua kisu cha kufumulia akaanza kufumua.

"Unafanya nini?" Mama Shiku akamuuliza.

"Nashona upya. Kitambaa kipo."

"Na mama yako?"

"Mum asiambiwe."

"Asiambiwe aje? Kazi ni yake."

"Akijua ataacha, Mama Shiku. Wewe unamjua. Akiacha atakaa pale kwa kiti akisikiza redio, akingoja nini? Hii kazi ndiyo inamwamsha."

"Yule ni mama mzima. Si mtoto wa kupakiwa pilipili kwa titi ndio aache kunyonya."

"Basi mwambie wewe."

 Mama Shiku aliutazama mlango, akanitazama mimi. Wote wawili walikuwa wakiningoja. Nilisema tungoje kwanza, labda ni siku moja tu mbaya. Nataka niwe wa haki kwa kila mmoja hapa. Rispa alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Alitumia vidole vyake, si maneno. Mama Shiku alikuwa na kweli, lakini kweli yake alitutupia sisi, hakuipeleka kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa na hofu. Nilihofia kuiona sura ya Nafula nikimwambia.

Haikuwa siku moja. Ikawa kila Jumatano, Nafula akitoka na Barasa, Rispa anatandaza kazi ya wiki mlangoni penye mwanga. Kilichokosewa kinafumuliwa, kinakatwa upya, kinashonwa. Mama Shiku ananung'unika na kupiga pasi. Nafula akirudi anauliza, "Kazi iko aje?" na sisi tunajibu, "Iko sawa." Na yeye anaitikia kwa kichwa, anaketi. Rispa alijifunza haraka, sitaficha hilo. Mshono wake ulifanana na wa mama yake mpaka mimi nilianza kuuchanganya.

Sasa nifike Loresho.

Alikuwepo mama mmoja mjane huko, mteja wetu wa siku nyingi, anayependa kutania. Nyumba yake ina dirisha la sebule lililojipinda kwa nje kama tumbo la mtungi. Dirisha la namna hiyo ndilo mtihani wa kazi yetu. Pazia la kawaida likipachikwa hapo hujikusanya katikati na kupwaya pembeni. Marinda lazima yapangwe yakizidiana kidogokidogo kufuata mpindo, na Nafula aliyapanga bila kipimo, kwa viganja, akihesabu kitu kichwani ambacho hakuwahi kukitaja. Aliyashona mapazia yale yote. La katikati lilikuwa limetoka rangi nyingine. Rispa alilikata na kulishona upya, akijitahidi kuyaiga yale marinda.

Kutundika, Nafula lazima awepo. Tulienda sote wawili, akanishika kiwiko kutoka langoni. Nilipanda, nikapachika, nikashuka. Yeye akavuta kamba, mapazia yakafunga na kufungua, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa mbali.

"Katikati ni pazito," akasema taratibu.

"Ni rodi," nikasema.

Akasogea. Akalishika pazia la katikati, akaliinua pindo, akalipitisha mdomoni kuanzia kulia kwenda kushoto.

"Mama Rispa!" mwenye nyumba akacheka. "Mbona unabusu mapazia yangu?"

"Nayaaga, mama. Yakishatoka kwangu si yangu tena."

"Basi uyaage na chai."

Tulikunywa chai. Nafula alizungumza, aliuliza habari za wajukuu, aliyasifu maua yaliyokuwa yakinukia mezani.  Lakini nilikuwa nimemwona alipofika pembe ya kushoto. Alisimama hapo, mdomo juu ya fundo ambalo halikuwa upande wake.

Lango lilipofungwa nyuma yetu tulitembea kidogo. Akasema, "Baba Rispa."

"Naam."

"Lile la katikati ameshona nani?"

Ningeweza kusema sijui. Alikuwa ameshika kiwiko changu, na mtu akishika kiwiko chako anajua mengi.

"Rispa."

"Langu lilikuwa na nini?"

"Rangi. Ulikata kutoka jora lingine."

"Na yale ya Spring Valley?"

"Nusu."

"Ya daktari?"

"Mawili."

 Tulitembea mpaka kelele za Waiyaki Way zikaanza kusikika. Akasimama.

"Mlikuwa mnanionea huruma."

"Ndiyo."

"Mimi si mjinga. Macho nilijua yananiacha. Lakini kila nikiuliza mnasema kazi iko sawa. Nikasema, kumbe mkono unajua njia hata bila macho, kumbe bado niko na wakati. Kazi ya kufundisha nikaiahirisha. Nikasema nitafundisha nikishindwa." Akakibana kiwiko changu. "Miezi yote hiyo, Baba Rispa. Mngeniambia ile siku ya kwanza, ile siku ya kwanza ningemketisha Rispa kando yangu."

Nilimwongoza hadi barabarani, tukarudi nyumbani. 

Nyumbani hakupandisha sauti. Alimwita Rispa, na Mama Shiku akajiita mwenyewe. Rispa alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Mum, sikutaka uumie."

"Na sasa sijaumia?"

"Nilisema mimi!" Mama Shiku akadakia. "Nilisema mtu mzima—"

"Wewe ulisema kwa nani? Kwangu hukusema. Nyamaza." Kisha akamgeukia Rispa, akautafuta mkono wake. "Pindo lako ni zuri. Nisingejua, kama si fundo. Marinda yako ni mabaya sana. Yanakaa kama watu waliopangwa foleni ya mahindi, kila mtu anamsukuma mwenzake. Ungeniuliza."

Rispa akacheka katikati ya kilio, kamasi na vyote.

Kuanzia hapo karakana ilipata sheria moja: niambie. Nafula hakukata tena. Alikaa kando ya meza, Rispa akawa macho yake. "Dirisha linaangalia wapi? Ukuta ni wa rangi gani?" Rispa akijibu mwekundu, alikuwa akimuuliza, "Mwekundu wa nini? Wa nyanya, wa maharagwe, wa udongo wa Kabete?" Mtoto hakuruhusiwa kusema rangi bila kusema ya kitu gani. Ninyi mkimsikia Rispa akiwauliza "ya nini?" mpaka mnachoka, msidhani ni ukali. Anaongea na mtu aliyekaa kando ya meza ile.

Na walifanya kazi nzuri. Mimi niliyetundika nasema, zile nyumba chache za mwisho ndizo nzuri kuliko zote. Siku moja walibishana kuhusu zambarau ya biringanya na zambarau ya vitunguu mpaka mteja akatoka nje kupiga simu, akawaacha. Mama Shiku alikuwa akiitwa kuamua, na akiamua vibaya anafukuzwa kazi papo hapo, kisha anaitwa tena pasi ikipoa.

Haikuchukua muda mrefu. Baada ya macho, figo. Miguu ikavimba. Kuna Jumanne alisema leo tuanze dirisha la kupinda. Rispa akatandaza karatasi za kahawia mezani. Nafula akaweka viganja vyake juu ya mikono ya Rispa, akaipeleka rinda la kwanza, la pili, la tatu. "Hapa unapunguza. Hapa unampa nafasi apumue. Unasikia?" Kisha akasema amechoka, watamalizia kesho. Kesho yake alilazwa. Kutoka wodini alituma Barasa amwambie Rispa asiziondoe zile karatasi mezani. Rispa hakuziondoa. Zilikaa mpaka tuliporudi kutoka mazishini.

Tulimzika nyumbani, huko magharibi, nyuma ya nyumba niliyomjengea ambayo hakuikalia. Watu wa huko walitaka aongee mtu wa Nairobi aliyefanya kazi naye. Mama Shiku, aliyesafiri na basi la mwili kutwa nzima, akasukumwa mbele. Kiswahili chake kilimkwama kwanza. Kisha akasema, "Mimi huyu mama alinifukuza mara nyingi na kunirudisha mara nyingi. Sasa sijui nimefukuzwa ama nimerudishwa." Akakaa chini. 

Wiki iliyopita Rispa alishona mapazia ya dirisha la kupinda huko Spring Valley. Alinipeleka nikayaone, ingawa magoti yangu hayapendi tena ngazi. Nikayatazama yakiwa yamefungwa na yakiwa yamefunguliwa. Yanafuata mpindo vizuri mpaka rinda la tatu, la nne, halafu yanaanza kusukumana, kidogo tu. Mteja hataona. Rispa aliniuliza, "Baba, si yamekaribia?"

Nikamwambia yamekaribia. Nikamwambia pia ni wapi yanapoanza kusukumana, nikaweka kidole. Akaweka chake kando ya changu. Akasema hata yeye alipaona hapo.

Labda ataifikia peke yake mwakani ile hesabu ya mama yake, labda mmoja wenu atamtangulia. Labda haitafikiwa, na mlango huo umefungwa na Nafula yuko upande wa pili. Sisemi ni kosa la Rispa. Binti aliyemfumulia mama yake kazi ya wiki nzima kwa upendo, huyo siwezi kumhukumu, na sitaki ninyi mmhukumu. Sisemi pia kwamba kumwambia kungemponya. Asingepona. Lakini alikuwa na miezi, na tulimfanya adhani ana miaka. Hicho ndicho kipimo ninachokipata kila nikipima, hata nikibadilisha tepu.

Kwa hivyo, watoto wangu, mkiwa mezani pale na ukaona mkono wa mwenzako umeanza kwenda kombo, hata awe ni mwalimu wako, hata awe ni Rispa mwenyewe, mwambie. Mwambie kwa adabu, mpe kiti kwanza, chagua maneno. Lakini mwambie asubuhi, ili apate mchana wa kufanya kitu.

Naacha hapa, mkono umechoka na Rispa ameita mezani mara mbili. Nimerudi kuongeza mistari ya leo: jioni tumekula ugali, mboga ya mrenda, na samaki wa kukaushwa aliyeletwa na Mama Shiku. Rispa amepika mwenyewe. Chumvi ilizidi. Nilimwambia.